Mali Bila Daftari: Utwaaji wa Ardhi na Ulinzi wa Milki Binafsi katika Mbale na Jinja, 1902–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya utwaaji wa ardhi kwa nguvu ya dola katika miji ya Mbale na Jinja, mashariki mwa Uganda, tangu miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza hadi mafuriko ya mto Nabuyonga ya mwaka 2022. Hoja kuu ni kwamba ulinzi wa milki binafsi katika eneo hili umetegemea nguzo tatu: mwenye ardhi kutambuliwa na sheria kuwa ni mwenyewe, fidia kulipwa kabla ya ardhi kutwaliwa, na mahakama kuwa na uwezo wa kumzuia mtwaaji. Makala yanaonesha kwamba katika kila kipindi angalau nguzo moja ilikosekana, na kwamba kuwapo kwa moja hakukufidia kukosekana kwa nyingine. Inahitimishwa kwamba Katiba ya mwaka 1995 ndiyo iliyoziweka nguzo zote tatu mahali pamoja, lakini kingo za Nabuyonga zinaibua swali ambalo Katiba hiyo haikulimaliza.

1.0 Utangulizi

Mto Nabuyonga huteremka kutoka miteremko ya Wanale, katika Mlima Elgon, ukapita ndani ya Mbale, kisha maji yake yakaelekea mabondeni upande wa Ziwa Kyoga. Jina lake limepewa mitaa, na kingo zake zimelimwa, zimejengwa na zimerithishwa kwa vizazi kadhaa. Kilomita zaidi ya mia moja kusini-magharibi, Mto Nile unatoka katika Ziwa Viktoria penye mji wa Jinja. Miji hii miwili ilipata hadhi ya jiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020. Inashirikiana pia katika jambo la zamani zaidi: yote miwili ilikua juu ya ardhi ambayo dola iliitwaa kutoka kwa watu ambao sheria ya wakati huo haikuwaona kuwa na cha kutwaliwa.

Waswahili husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kwa kawaida methali hii huwaonya wafanyabiashara wasioandika hesabu zao. Makala haya yanaitumia kama kipimo cha historia. Je, ni kweli kwamba wenye ardhi wa Mbale na Jinja waliipoteza kwa sababu hawakuwa na daftari? Na waliokuwa nalo, je, lilitosha kuwalinda? Maswali haya hayajapitwa na wakati. Reli mpya ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala inapita mashariki mwa Uganda, na maelfu ya wenye mashamba wanapimiwa, wanathaminiwa na kusubiri malipo. Jibu la historia lina uzito kwao.

2.0 Dhana ya Utwaaji na Neno "Fidia"

Wazo la kwamba mtawala ana haki ya juu kuliko mwenye mali, na kwamba anaweza kuichukua mali hiyo kwa manufaa ya wote, lilipewa sura ya kisheria na mwanazuoni Mholanzi Hugo Grotius mwaka 1625. Grotius hakuishia kwenye haki ya mtawala. Alisisitiza pia kwamba anayepoteza mali yake kwa ajili ya umma anastahili kulipwa kutoka katika hazina ya umma. Tangu hapo haki ya kutwaa na wajibu wa kulipa vimekuwa kama pacha katika nadharia. Marekani iliviunganisha katika marekebisho ya Katiba yake mwaka 1791, na mataifa mengi yakafuata.

Katika Afrika Mashariki pacha hao walikuja wametenganishwa. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya India ya mwaka 1894 ilianza kutumika katika Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1897, reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa. Sheria hiyo iliagiza fidia, lakini kwa mtu mwenye milki inayotambuliwa. Suala zito likawa ni nani anayetambuliwa. Mwaka 1921 Baraza la Faragha jijini London, likiamua shauri kutoka Nigeria ya Kusini, lilikubali kwamba jamii inayoshikilia ardhi kimila inastahili kufidiwa kwa ardhi yenyewe, na si kwa kodi au mazao tu. Uamuzi huo ulikuwa na nguvu ya hoja kwa makoloni yote. Hata hivyo, katika Uganda nje ya Buganda, sheria iliendelea kuitazama ardhi ya kimila kuwa ni ya Taji.

Neno "fidia" lenyewe linastahili kuzingatiwa. Katika Kiswahili, kama katika Kiarabu lilikotoka, fidia si malipo ya hasara peke yake. Ni pia kile kinachotolewa ili kumkomboa mtu. Mateka hukombolewa kwa fidia, na fidia hiyo haina maana ikifika baada ya mateka kupotea. Katika maana hii ya asili, wakati ni sehemu ya malipo. Sheria za Uganda zilichukua takriban karne nzima kulifikia wazo hilo.

3.0 Mbale: Maili za Mraba 20

Kabla ya Waingereza, ardhi ya miteremko ya Elgon ilishikiliwa na koo za Wagisu. Mipaka ilijulikana kwa mito, miti na makaburi, na urithi ulipita kutoka kwa baba kwenda kwa wana waliotahiriwa. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani, iliyopita Mumias, iliufahamu mlima huu kama mahali pa kupata chakula na pembe za ndovu. Wafanyabiashara hao walijadiliana na wenyeji juu ya vibali vya kupita na bei ya ndizi. Hakukuwa na shaka kwamba waliokuwa wakijadiliana nao walikuwa wenye nchi.

Shaka ililetwa na mabadiliko ya utawala. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeshiriki katika kukamatwa kwa Mwanga na Kabalega mwaka 1899, aliruhusiwa na Waingereza kuitawala Bukedi kwa niaba yao. Aliteka na kusimamia eneo kubwa, akajenga barabara, akapanda miti na kuwaweka mawakala wa Kiganda. Mwaka 1902 Waingereza walimwondoa madarakani Budaka. Kama kifuta machozi, walimpa ardhi ya maili za mraba 20, sawa na kilomita za mraba 52 hivi, na hapo ndipo Mbale ulipoanza. Makao ya serikali yalihamishiwa huko mwaka 1904. Michael Twaddle, katika wasifu wa Kakungulu uliochapishwa mwaka 1993, ameonesha jinsi mtu huyu alivyokuwa mjenzi wa utawala na wakati huohuo mhanga wake, kwa kuwa alitazamia ufalme akaambulia shamba.

Hata hivyo, ukitazamwa kutoka upande wa Wagisu, mkataba huo una sura tofauti. Zawadi ya maili za mraba 20 ilitolewa na serikali ambayo haikuwa imeinunua ardhi hiyo, ikapewa mtu ambaye hakuwa amezaliwa juu yake, na wakulima waliokuwa wakiishi humo hawakuwa upande wowote wa makubaliano. Hakuna tangazo la utwaaji lililotolewa, wala tathmini haikufanywa. Tendo hilo halikuitwa utwaaji kwa sababu, kwa mantiki ya wakati huo, palikuwa na mtoaji na mpokeaji tu.

Mantiki hiyo iliwekwa katika maandishi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulikuwa umegawa ardhi ya Buganda kati ya Kabaka, machifu, watu binafsi wapatao elfu moja na Taji, na kuzaa mfumo wa mailo. Buganda ilipata daftari, ingawa wakulima wengi waliokuwa juu ya ardhi hiyo waligeuka kuwa wapangaji. Mashariki hakukuwa na mkataba wa aina hiyo. Amri ya Baraza ya mwaka 1902 na Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1903 ziliiweka ardhi mikononi mwa serikali na kuwaachia wenyeji ruhusa ya kuendelea kukaa. Viongozi wa Busoga waliomba mara kwa mara wapewe milki kama wenzao wa Buganda, wasikubaliwe kwa kiwango walichotaka. Hivyo, mto wa Nile ukawa mpaka wa kisheria. Upande wa magharibi mwenye cheti alikuwa na mali. Upande wa mashariki mkulima alikuwa na hisani. Hisani ikiondolewa hakuna kinachodaiwa.

4.0 Jinja: Malale, Maji na Umeme

Kakungulu mwenyewe ni kiungo kati ya miji hii miwili. Mwaka 1906 alihamishiwa Busoga kuwa rais wa baraza lake, akabaki huko hadi mwaka 1913. Alifika katika nchi iliyokuwa ikiomboleza. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 katika himaya, wengi wao wakiwa wa visiwa na mwambao wa Ziwa Viktoria, Busoga na Buganda. Gavana Hesketh Bell aliamua kuwaondoa wakazi wote wa ukanda wa ziwa wenye ndorobo, kiasi cha maili mbili kutoka majini. Sheria ya Ugonjwa wa Malale ya mwaka 1908 ikaimarisha hatua hiyo.

Hapa haki inadai uangalifu. Hatua ya Bell iliokoa maisha, na hakuna nadharia ya milki inayomtaka mtawala aache watu wafe ili mipaka ya mashamba isiguswe. Afya ya umma ni miongoni mwa sababu ambazo hata Katiba ya sasa inazikubali. Tatizo lilikuwa katika kile kilichofuata. Ndorobo walipopungua, ardhi haikurudi yenyewe kwa waliohamishwa. Sehemu kubwa ya kusini mwa Busoga ilibaki imefungwa kwa miongo kadhaa, sehemu yake ikawekwa kuwa hifadhi ya msitu, na makazi mapya yalianza kupangwa katika miaka ya 1950. Wajukuu waliorudi kutafuta makaburi ya babu zao walikutana na alama za mipaka ya msitu. Kilichoanza kama kinga ya muda kiligeuka kuwa utwaaji wa kudumu bila mtu yeyote kutangaza kwamba kuna kilichotwaliwa. Kwa kuwa hapakuwa na daftari la waliotoka, hapakuwa pia na orodha ya wa kurudishiwa.

Utwaaji wa pili wa Jinja ulihusu maji. Bodi ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, na Bwawa la Owen Falls likafunguliwa na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954. Maporomoko ya Ripon, ambayo John Speke aliyaona mwaka 1862, yalizama. Mradi huo ulihitaji ridhaa ya Misri, kwa sababu ziwa lingegeuzwa kuwa hifadhi ya maji ya Nile. Katika maafikiano ya miaka ya 1949 hadi 1953, Misri ilikubali kuchangia gharama na kuilipa Uganda pauni 980,000 kwa ajili ya umeme ambao ungepotea kutokana na matakwa yake ya maji. Dola mbili zilielewana vyema kwamba anayebadilisha mto wa mwenzake hulipa. Kwa mkulima wa Kisoga aliyekaa juu ya ardhi ya Taji, kanuni ilikuwa nyembamba zaidi: kilichoweza kulipwa ni kibanda na mimea aliyoipanda, kwani udongo wenyewe haukuhesabiwa kuwa wake.

5.0 Waliokuwa na Daftari: 1972

Hadi hapa methali inaonekana kuthibitika. Mwaka 1972 uliipindua. Waasia wa Jinja na Mbale walikuwa na kila aina ya daftari: hati zilizosajiliwa, mikataba ya upangishaji, vitabu vya benki na bima. Jinja ilikuwa ngome ya viwanda, ikizungukwa na mashamba ya miwa ya Kakira ya familia ya Madhvani, na Mbale ilisifika kwa usafi na maduka yake. Katiba ya Uhuru ya mwaka 1962 na ile ya mwaka 1967 zote zilikuwa na vifungu vinavyokataza kutwaa mali bila fidia.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kufukuzwa kwa Waasia, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka. Amri za mwaka 1972 na 1973 ziliweka mali zao chini ya serikali na kuunda Bodi ya Wadhamini wa Mali za Waasia Walioondoka. Maduka na nyumba ziligawiwa kwa wanajeshi, watumishi na wafanyabiashara wapya ambao watu wa mitaani waliwaita "mafuta mingi". Orodha ziliandikwa kwa uangalifu: kila mwenye kuondoka alitakiwa kutangaza mali zake. Kwa kejeli ya historia, daftari lilitumika kurahisisha unyang'anyi.

Funzo la tukio hili ni kwamba kutambuliwa hakutoshi pasipo mahakama inayoweza kumwambia mtwaaji "simama". Amin alitawala kwa amri, na Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitekwa katika jengo la Mahakama Kuu mnamo Septemba 1972 na kuuawa, wiki chache kabla ya siku ya mwisho ya Waasia kuondoka. Nguzo ya tatu ilianguka kwanza. Nguzo nyingine zikafuata.

Hata hivyo, daftari lilikuwa na kazi moja iliyobaki. Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya mwaka 1982 ilifungua njia ya wenye mali kurudishiwa, na katika miaka ya 1990 serikali iliharakisha zoezi hilo. Familia ya Madhvani ilikuwa tayari imerudi Kakira mwaka 1985. Waliokuwa na hati waliweza kuzionesha baada ya miaka 20. Waliohamishwa mwambao wa Busoga na wakulima wa maili 20 za Mbale hawakuwa na karatasi ya kuonesha. Lakini urejeshaji nao ulizaa vidonda vipya, kwani kila aliyekuwa amenunua, kupangishwa au kujenga maisha ndani ya nyumba hizo kwa miongo miwili alijikuta akiwa mtu wa kuondolewa. Utwaaji usio halali haufutiki kwa kurudisha ufunguo. Huacha mlolongo wa madai ambayo kila moja lina haki kidogo ndani yake.

6.0 Kutoka Hisani hadi Milki: 1965–1998

Wakati huohuo sheria ya ardhi ilipita katika mawimbi. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1965 iliweka utaratibu unaotumika hadi leo: waziri hutangaza kwamba ardhi inahitajika kwa ajili ya umma, mthamini huwasikiliza wenye madai, kisha tuzo ya fidia hutolewa. Lakini kifungu cha 7 kiliruhusu ardhi kuchukuliwa mara tu tuzo inapotolewa, na hata kabla ya hapo iwapo waziri angethibitisha kwamba maslahi ya umma yanadai hivyo. Tuzo ni ahadi iliyoandikwa. Mkulima angeweza kuhamishwa akiwa na ahadi mkononi na fedha zikiwa bado Kampala.

Amri ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 1975 ilikwenda mbali zaidi. Iliitangaza ardhi yote ya Uganda kuwa ya umma, ikageuza milki kamili kuwa ukodishaji, na kuwafanya washikaji wa kimila kuwa wakazi wa kuvumiliwa. Lugha ya hisani ya mwaka 1903 ilirudi, safari hii ikitoka kwa serikali ya Waafrika wenyewe.

Katiba ya mwaka 1995 ilivunja mlolongo huo. Ibara ya 237 ilitamka kwamba ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda, na kwamba umiliki wa kimila ni mfumo kamili sawa na mailo, milki huru na ukodishaji. Ibara ya 26 ilikataza kumnyang'anya mtu mali yake isipokuwa kwa matumizi ya umma, ulinzi, usalama, utulivu, maadili au afya ya umma, na kwa sheria inayohakikisha malipo ya haraka ya fidia ya haki na ya kutosha kabla ya kuchukua ardhi, pamoja na haki ya kwenda mahakamani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 iliongeza posho ya usumbufu ya asilimia 15, inayopanda hadi asilimia 30 iwapo notisi ya kuhama ni chini ya miezi sita. Mwaka mmoja kabla ya Katiba hiyo, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuwa imeamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na katiba. Nchi mbili jirani, kwa njia mbili tofauti, zilikuwa zimeachana na wazo kwamba mkulima asiye na hati ni mgeni juu ya shamba la babu yake.

7.0 Neno "Kabla": Bujagali, 2015 na 2017

Jaribio la kwanza kubwa la utaratibu mpya katika eneo hili lilikuwa Bwawa la Bujagali, kaskazini ya Jinja. Mradi ulianzishwa na kampuni ya Kimarekani katika miaka ya 1990, kampuni hiyo ikajitoa mwaka 2003, kisha ujenzi ukaanza mwaka 2007 chini ya wawekezaji wengine na kukamilika mwaka 2012, ukiwa na uwezo wa megawati 250. Baadhi ya familia zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa Naminya wakati mradi wa kwanza uliposimama, zikabaki katikati: zimetoka kwao, na aliyewaahidi ameondoka. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2008, liliona upungufu katika urejeshaji wa maisha ya waliohamishwa na katika namna mahali patakatifu palivyoshughulikiwa. Maporomoko ya Bujagali yalikuwa makao ya roho ya Budhagaali katika imani ya Wasoga. Sherehe zilifanywa ili kuihamisha, na wenye imani hawakuafikiana kama roho inahamishika. Mthamini ana bei ya mgomba na ya nyumba ya matofali. Kwa maporomoko yenye roho hana jedwali.

Miaka mitatu baada ya Bujagali kukamilika, neno dogo "kabla" lilipata uzito wake. Katika shauri lililotokana na ujenzi wa barabara magharibi mwa Uganda, ambapo Mamlaka ya Barabara ya Taifa ilikuwa mrufani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba kifungu cha 7 cha Sheria ya mwaka 1965 kinapingana na Katiba kwa kadiri kinavyoruhusu kuchukua ardhi kabla ya malipo. Kwa mara ya kwanza nguzo tatu zilisimama pamoja: wadai walitambuliwa, mahakama ilisikiliza, na malipo yaliwekwa mbele ya tingatinga.

Serikali ilijibu mwaka 2017 kwa muswada wa kurekebisha Ibara ya 26, ili panapokuwa na mgogoro juu ya kiwango cha fidia serikali iweke fedha mahakamani na kuendelea na mradi. Hoja yake haikuwa ya kubeza. Barabara na reli huchelewa kwa sababu ya mtu mmoja anayekataa tathmini, mikopo huendelea kuzaa riba, na walanguzi hununua ardhi kwenye njia ya mradi ili wauze ghali. Lakini wananchi waliupokea muswada huo kwa kumbukumbu ya karne nzima. Walijua kwamba fedha zilizowekwa mahali fulani kwa jina la mtu si fedha alizonazo mtu huyo, na kwamba aliyekwisha kuhamishwa hujadiliana akiwa amesimama barabarani. Muswada ulipingwa kila upande, ukaondolewa bila kupitishwa.

8.0 Kingo za Nabuyonga

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha Elgon. Nabuyonga na Namatala zilifurika, zikaingia katika nyumba za Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Maji yalipokauka, suala la kuwaondoa waliojenga na kulima kandokando ya mito lilirudi katika meza za wakuu wa jiji na wa mazingira.

Kisheria, suala hilo si la utwaaji. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinazuia ujenzi na kilimo ndani ya mita 100 za kingo za mito mikubwa na mita 30 za mito mingine, na Ibara ya 237 inaiagiza serikali kushikilia mito na ardhi oevu kwa dhamana ya wananchi wote. Mwenye shamba haambiwi kwamba shamba limechukuliwa; anaambiwa tu asilime wala asijenge. Kwa kuwa hakuna kilichotwaliwa, Ibara ya 26 haiguswi, na fidia haidaiwi.

Mantiki hii inafanana, kwa namna inayotia wasiwasi, na ile ya mwaka 1908. Sababu ni ya kweli: maji huua kama malale yalivyoua. Lakini familia ambayo urithi wake wote ni kipande chenye upana wa mita 40 kutoka mtoni hubakiwa na jina la umiliki na mita 10 za kutumia. Wengine kati yao walijenga baada ya kanuni kutungwa, wakijua. Wengine walirithi mashamba ambayo yalikuwepo kabla ya kanuni, na hata kabla ya mji. Sheria inayowapima wote kwa utepe mmoja inarudisha kosa la zamani la kutoandika nani alikuwa wapi na tangu lini. Nguzo ya kwanza, yaani kutambuliwa, inahitajika hata pale ambapo dola haitwai bali inazuia. Daftari la wakazi wa kingo, likionesha aliyetangulia na aliyefuata, lingewezesha jiji kuwahamisha wote kutoka katika hatari na kuwasaidia kwa ardhi mbadala wale ambao hawakuivunja sheria yoyote.

9.0 Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonesha kwamba utwaaji wa ardhi katika Mbale na Jinja haukuwa na sura moja. Mwaka 1902 ulikuja kama zawadi, mwaka 1908 kama tiba, mwaka 1954 kama umeme, mwaka 1972 kama vita vya uchumi, na mwaka 2022 kama tahadhari ya mafuriko. Mara nyingi ulikuwa na sababu nzuri, na mara chache sana ulijiita kwa jina lake. Wenye ardhi walilindwa pale tu ambapo mambo matatu yalikutana: sheria iliwatambua, mahakama iliweza kusikiliza, na malipo yalitangulia. Kukosekana kwa la kwanza kuliwaangamiza Wagisu wa maili 20 na Wasoga wa mwambao. Kukosekana kwa la pili kuliwaangamiza Waasia waliokuwa na kila karatasi. Kukosekana kwa la tatu kuliwaacha wengi, chini ya Sheria ya mwaka 1965, wakiwa na tuzo bila fedha.

Methali ya daftari kwa hiyo ni ya kweli, ingawa haijitoshelezi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yenye daftari bila hakimu hupotea kwa tangazo rasmi. Waganda wa mashariki wanaosubiri wapimaji wa reli, au wanaosikiliza mto usiku wa mvua, wanayo leo Katiba inayojua tofauti hiyo. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba fidia inabaki na maana yake ya asili katika Kiswahili: kitu kinachotolewa mapema, ili anayekombolewa asiwe amekwisha kupotea.